Mama Nereah, Mkwe Wake na Vitabu vya Ubatizo

Kabla ya kufungua kitabu chochote Mama Nereah Akumu alikipuliza. Pumzi moja ndefu kwenye mshono wa katikati, kuondoa vumbi la mchwa, kisha alifuta viganja kwenye gauni na kuanza kusoma. Alipuliza Biblia, alipuliza kitabu cha nyimbo, na alipoletewa kompyuta akiwa na miaka sitini na minane, aliipuliza pia.

Alikuwa karani wa kanisa letu la Kirewa kwa miaka thelathini. Kazi hiyo aliachiwa na marehemu mumewe, katekista, pamoja na vitabu vitatu vya ubatizo ambavyo mwandiko wa mumewe ni yeye tu aliyeweza kuusoma. Mchwa walikuwa wameshakula pembe za viwili. Kwa watu wengi wa huku mstari mmoja katika vitabu hivyo ndio ushahidi pekee kwamba walizaliwa mahali. Mtu hukaa Busia miaka ishirini, leo upande huu wa mpaka, kesho upande ule, halafu hurudi na mvi kuomba mstari wake. Mama Nereah aliwahi kumwonyesha mzee mmoja tundu mahali palipokuwa na jina lake. Tundu hilo hakulisahau. Daktari alipomwambia kwamba figo zake hazitamfikisha mbali, aliuliza tu kama atapata mwaka. Alitaka majina yote yawe yameingia kwenye kompyuta kabla hajaondoka, na alitaka kuyaingiza mwenyewe.

Programu aliitafuta mkwe wake, Isaac Owor, fundi wa simu na kompyuta pale Busia. Ilikuwa ya bure, imetungwa na watu wa kujitolea wa nchi za mbali, na maandishi yake ya ndani yaliachwa wazi ili yeyote anayejua ayarekebishe. Shida ni kwamba mafundi waliitunga kwa ajili ya mafundi wenzao. Tena Owor hangeweza kukaa ubavuni mwa mama mkwe wake akamwonyesha kwa kidole. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai meza moja, na Mama Nereah, ambaye akimwona Owor anakuja aliacha njia na kupita kwenye mihogo, hakuwa tayari kuanza utovu wa adabu uzeeni. Basi Owor aliketi nje chini ya dirisha la ofisi, mama akaketi ndani, na mimi, jirani ninayefundisha chuo Tororo na nisiye na la kufanya Jumamosi, nikawekwa katikati kupeleka maneno.

"Mwambie mama aguse vile vimistari vitatu pale juu," Owor alisema.

Nikamwambia.

"Mwambie mkwe wangu hata mchwa huacha mistari mitatu. Nitajuaje ya kwake ni ipi?"

Owor alicheka huko nje. Jumamosi iliyofuata vimistari havikuwapo. Palikuwa na neno Orodha.

Ikaendelea hivyo. Programu ilimkataa mtoto asiye na tarehe ya kuzaliwa, na kitabu kilisema tu "wakati wa kupalilia wimbi". "Yaani nimtungie tarehe, kwenye kitabu cha kanisa?" aliuliza Mama Nereah. Owor akaliondoa sharti hilo. Siku nyingine kioo kilijaa maandishi mekundu ya Kiingereza. Mama Nereah aliifunga kompyuta polepole, akaenda nyumbani, na kwa wiki tatu hakuja. Nilipomfuata nilimkuta akichambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Nimeviua vitabu, mwalimu," alisema. "Mchwa walihitaji miaka hamsini. Mimi, asubuhi moja."

Hakuna kilichokuwa kimepotea. Alisahau kuandika jina la mama wa mtoto, basi. Nilipompelekea Owor habari hiyo hakucheka. Aliyaandika upya maonyo yote kwa Kiswahili, na lile lililomkimbiza likawa: "Hakuna kilichopotea. Jina la mama bado." Kisha akawatumia watungaji marekebisho yake. Mmoja wao alitaka kujua nani aliyeijaribu programu kwa makini hivyo. Owor akamjibu: mama mkwe wangu, hatujawahi kukaa pamoja.

Jibu hilo hunirudia mara nyingi. Kama Owor angeruhusiwa kunyoosha kidole, kidole kingetosha, na maneno yale ya Kiswahili yasingeandikwa kamwe.

Mwezi wa nane Mama Nereah hakuweza tena kuketi. Kitabu cha tatu kilikuwa kimebakiza kurasa kumi na moja. Tulimpelekea kompyuta kitandani, pamoja na Amoit, muuza nyanya aliyeishia darasa la sita na ambaye hakuwahi kuigusa. Owor alikaa nje ya ukuta kama kawaida. Mimi niliambiwa ninyamaze. Mama Nereah alisoma kwa sauti ndogo, akipuliza kila ukurasa kwa pumzi iliyombakia, na Amoit akaandika kwa kidole kimoja. Mara mbili onyo lilitokea. Amoit alilisoma, akarekebisha, akaendelea. Hakumwuliza mtu. Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, walifika mstari wa mwisho, wa mtoto aliyeitwa Ofwono.

Nilikigeuza kioo ili Mama Nereah auone mstari huo. Alikitazama muda mrefu, macho ameyaminya. Nilidhani anasali, nikangoja.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, "herufi bado ni ndogo."