Nilifutiwa Mtihani kwa Utoro, na Sikuwahi Kukosa Kipindi

Orodha ya watoro ilibandikwa siku mbili kabla ya mtihani wa mwisho. Jina langu lilikuwa la tatu.

Sijawahi kukosa kipindi. Hata kimoja.

Aliye kwenye orodha hafanyi mtihani. Baba yangu ni fundi viatu, na alishasema, "Mwanangu, mwaka wa kurudia sina."

Nikamfuata mwalimu ofisini, nikiwa na rafiki yangu tuliyemwita Kengele kwa sauti yake kubwa. Mwalimu yule tulimwogopa kuliko mtihani wenyewe. Majina yetu hamsini aliyaita kwa kichwa, haangalii karatasi.

"Anayeitika jina hili si mwenyewe," alisema. "Ni sauti yako wewe, Kengele."

"Mwalimu, huyu anaongea kama panya aliyemeza pamba. Akiitika husikii. Nikaona nimsaidie."

"Umemsaidia kweli. Toka nje."

Tukabaki wawili. Nikamsogezea daftari langu, ushahidi pekee niliokuwa nao.

Akalifungua. Akapekua ukurasa, akapekua mwingine, uso umekunjamana.

Daftari lilikuwa juu chini.

Mwalimu haoni. Na kimya changu kikamwambia kwamba nimejua.

"Funga mlango," akasema taratibu.

Nikaufunga. Nilijua nimekwisha.

"Soma."

Nikasoma, kwa kunong'ona. "Paza sauti, binti." Nikapaza. Nilikuwa naandika kila alichosema, hata yasiyo ya somo: siku aliyokicheka kikohozi chake, siku aliyosema mkewe amelazwa hospitali, naye hakulala usiku.

Akalifunga daftari.

"Hayo niliyasema mle darasani tu," akasema. "Miaka miwili nawajua kwa sauti. Wakubwa wakigundua, kazi sina. Yako ndiyo kwanza naisikia leo."

Akatoa karatasi ya ruhusa. "Andika jina lako. Kisha nionyeshe pa kusaini."

Nikamshika kidole, nikakiweka kwenye mstari. Kilikuwa kinatetemeka kama changu.

Siku ya mtihani aliita majina mlangoni. Alipofika kwangu, Kengele akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Nipo, mwalimu."

Ukumbi mzima uligeuka. Yeye akatabasamu, akaita jina lililofuata.

Ameshastaafu sasa, na ruhusa ya kusimulia haya kanipa mwenyewe.

Ndugu yangu mwenye haya, itika mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka. Na huyo unayemwogopa, mtazame vidole.