Neno Nililoongeza Kwenye Leseni

Nimekosa. Naanza hapo ili usije ukadhani nalalamika tu. Katika habari hii watu wawili walisalitiwa, na mmoja ni mimi. Lakini yule mwingine nilimsaliti mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwa simu!

Mimi ni mama wa kutoka Bungoma. Mume wangu alihamishiwa Lodwar kufundisha, nami nikafungua kaofisi ka kuchapa barua, kutoa fotokopi na kulamineti vyeti. Kila Januari nilikata leseni ya manispaa nikaitundika ukutani. Nilijiona mtu wa sheria sana.

Mwishoni mwa mwaka 2012 tamaa ikanituma Kakuma. Nikakodi chumba pale mjini, kando ya barabara, nikaweka mashine ya pili. Kwa vile sikuweza kukaa kote kuwili, nikashirikiana na Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini niliyekutana naye kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Achol ni fundi cherehani. Anashona yunifomu za shule na kutarizi shuka za milaya, maua mazuri mpaka unaona aibu kuyalalia. Yeye alishona upande mmoja wa chumba na kunitolea fotokopi upande wa pili, kodi tukigawana nusu kwa nusu.

Tuliitana dada, na si kwa mdomo tu. Niliposhikwa na malaria nikiwa kule, alinilaza nyumbani kwake katika kambi ya wakimbizi siku tano, akanipikia uji na kunifulia nguo. Kumbuka hilo ukinisoma, maana mimi nililisahau.

Ikafika Januari ya 2013, wakati wa leseni mpya. Hapo ndipo alipoingia mtu ambaye nitamwita Ndugu, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita kanisani. Ndugu hakuwa mwajiriwa wa ofisi yoyote. Alikaa kibarazani mjini Lodwar na kalamu zake, akiwajazia watu fomu kwa malipo. Alikuwa mtu wa nyumbani Bungoma, tunasalimiana kwa Kibukusu, na nilimwamini kama kaka wa tumbo moja.

Nikamuuliza, "Ndugu, na ile ya Kakuma nikakate wapi?"

Akacheka. "Dada, wewe ni msomi na unauliza hivyo? Kwani kwenu hakuna redio? Mwezi wa tatu tunapiga kura, kaunti inaingia. Lodwar, Kakuma, Lokichoggio, yote ofisi moja. Sasa ulipe mara mbili ya nini? Kaunti ni moja!"

"Lakini kura bado."

"Sisi tunatangulia tu kidogo."

Jamani! Neno "kaunti" siku zile lilikuwa na mapacha wawili. Kulikuwa na baraza la kaunti la zamani, na ndilo lililokuwa likitoza leseni Kakuma. Halafu kulikuwa na serikali ya kaunti iliyokuwa ikiimbwa kila mahali na bado haijazaliwa. Lodwar ilikuwa chini ya manispaa, mlango mwingine kabisa. Mtu akikwambia kaunti ni moja, ulipaswa kumuuliza ni kaunti gani. Mimi sikuuliza, kwa sababu jibu lake lilinipendeza.

Akaniambia nitoe kopi ya leseni yangu ya Lodwar, na pale palipoandikwa mji niongeze Kakuma, naye atapiga muhuri. Nikaiingiza kopi kwenye taipureta. Nikapiga mkwaju, kale kamstari ka mshazari, kisha Kakuma, herufi sita. Nikaipitisha tena kwenye mashine ya fotokopi ili wino ufanane, nikailamineti vizuri. Ndugu akapiga muhuri wake wa buluu na kuchukua chake.

Usiniambie sikujua. Mtu anayejua anafanya halali hahangaiki wino ufanane.

Na bado sijamaliza. Nilimpelekea Achol ile karatasi, nikamwambia leseni yetu hii, toa nusu yako. Akafungua ncha ya lawa, ile nguo wanawake wao hufunga begani, akanitolea noti zilizokunjwa kunjwa. Nikazipokea! Nikamtazama usoni nikamwambia asante.

Februari, nikiwa Lodwar, simu ikalia saa nne asubuhi. Ni Achol. "Dada, watu wa baraza wako hapa. Wanasema hii karatasi ni mbaya. Wanasema mimi nimeandika. Wewe ongea na yeye, sema ukweli."

Mwanamume akachukua simu, sauti ya upole kabisa. "Madam, hii leseni ni ya manispaa, na hapa si manispaa. Tena hii Kakuma imeongezwa, herufi zake ni tofauti. Huyu mama anasema biashara ni yenu pamoja. Unamjua?"

Woi! Nikaona pingu. Nikaona mume wangu akiitwa na mwalimu mkuu. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Simjui," nikasema. "Ni mtu tu alipanga hapo. Labda alichukua kopi yangu."

Nikakata simu. Sitakudanganya, nilipumua kwa nafuu.

Walimpeleka kituoni. Mkimbizi na karatasi ya kughushi, unajua hiyo ni kesi gani? Cherehani yake wakaibeba. Alikaa ndani siku tatu, mpaka mchungaji wao alipokwenda kumdhamini.

Mimi siku hizo tatu nilikuwa namtafuta Ndugu. Nilipompata kibarazani kwake, hakuinua hata macho kutoka kwenye fomu. "Dada, mimi nilipiga muhuri tu. Aliyeandika ni nani? Vidole si vyako?"

"Si wewe uliniambia!"

"Uko na shahidi?"

Na Jumapili, sikia vituko! Akasimama kanisani wakati wa ushuhuda, akaomba waumini wamkumbuke dada mmoja katikati yetu aliyejaribiwa na mambo ya kughushi. Akaniombea hadharani, huku amefumba macho! Kanisa zima likageuka kunitazama. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nilirudi nyumbani nikalia mpaka sauti ikakauka, nasalitiwa mimi, nasalitiwa na mtu wa nyumbani!

Mume wangu, ambaye nilikuwa nimeshamwambia yote, akanisikiliza muda mrefu. Kisha akauliza, "Na Achol analia kwa nani?"

Kesho yake nikapanda pikapu ya Kakuma. Nikaenda moja kwa moja kwa yule ofisa wa baraza, nikasema zile herufi ni zangu, yule mama hana hatia. Faini niliyopigwa ilimeza mashine yangu ya fotokopi, na nilistahili zaidi. Yule ofisa hakunitukana. Aliniambia tu, "Mama, leseni haimfuati mtu. Leseni inakaa na nyumba. Nyumba mbili, leseni mbili, hata zikiwa za mtu mmoja. Ungekuja kuuliza, ningekuambia bure."

Bure! Hilo neno lilinichoma kuliko faini.

Nikapewa cherehani, nikaifunga kwenye pikipiki ya kukodi, tukavuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, mpaka kambini. Achol alikuwa ameketi mlangoni akitarizi kwa mkono. Akaipokea mashine, akaikagua sindano, akazungusha gurudumu. Akanipa kiti na maji ya kunywa.

Nikaanza kusema dada nisamehe, niliogopa, yule mtu alinidanganya. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia.

"Ile siku," akasema, "yule mtu wa baraza aliweka simu kwa spika. Mimi nilisikia."

Nikainamisha macho kwenye kikombe cha maji.

"Karatasi mbaya, mtu analipa, inaisha. Polisi pia inaisha, mimi nimeona polisi nchi mbili. Lakini wewe umesema hunijui. Kama hunijui, sasa unaomba msamaha kwa nani?"

Alisema bila hasira, kisha akarudi kwenye shuka yake. Nikakaa pale na kikombe mkononi mpaka nikaona nazidi kumsumbua, nikaondoka. Tangu siku hiyo simu zangu hapokei.

Wewe mwenye kaduka, kinyozi, fundi, mpiga picha, nakuomba. Kabla hujafungua mlango wa pili, nenda mwenyewe dirishani ukaulize jengo hili liko chini ya nani. Usimtume mtu wa nyumbani, usimtume mtu wa kanisa. Dai risiti, isome, na jibu likikupendeza mno, uliza tena kwa mwingine.

Lakini hayo ni ya karatasi, na ya karatasi utayarekebisha. Neno nililokuja kusema ni hili moja: siku kosa lako litakapokamatwa mikononi mwa mwenzako, na ukaulizwa kama unamjua, sema unamjua.