Picha iliyonipa jina aliipiga mke wangu

Admin, nifichie jina, Katesh tunajuana wote. Nina miaka sabini na mbili, mke wangu sitini na nane, wajukuu tunao. Mtashangaa mzee mzima kuja humu kueleza wivu, tena si wivu wa mwanaume mwingine. Namwonea wivu mke wangu mwenyewe, tangu enzi za mashamba ya ngano ya serikali.

Enzi hizo nilikuwa na studio ndogo ya picha. Wakubwa wakitembelea mashamba, naitwa. Kombaini mpya za kuvunia zikipangwa mstari, napiga. Mke wangu alikuwa chumba cha giza tu, anasafisha picha na kugonga muhuri wenye jina langu nyuma ya kila moja. Nilizituma gazetini mara nyingi, hawakutoa hata moja. Bado nilijiona fundi.

Msimu mmoja wa mavuno nikalazwa Haydom kwa homa. Huku nyuma akaja mama mmoja mzee wa Kibarabaig. Kaburi la baba yake, lile tuta kubwa wanalowajengea watu wao wa heshima, lilibaki katikati ya ngano na kombaini zilikuwa zinakaribia. Alitaka picha abaki nayo, na watu wa mbali nao waione. Mke wangu akamwambia mpiga picha anaumwa. Yule mama akakaa chini, akasema atasubiri. Basi mke wangu akabeba kamera yangu, wakaomba lifti kwenye lori la magunia.

Kufika, mama akapanda juu ya tuta akakaa. Dereva wa kombaini akazima mashine, akashuka, akavua kofia. Mke wangu akapiga hapo hapo, mara moja tu, maana filamu ilikuwa inaishia.

Niliporudi nikaonyeshwa. Jamani, roho iliniuma. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Sikumsifu, nilimuuliza nani kamruhusu kugusa kamera. Nakala moja alikuwa ameshaituma gazetini, na nyuma yake muhuri wangu.

Gazeti likafika na basi, picha ukurasa wa mbele, chini yake jina langu. Sokoni nikashikwa mkono na watu nisiowajua. Haukupita muda maofisa wakaja na kamba, wakapima eneo kulizunguka lile kaburi na mengine ya jirani, mashine zisiguse. Picha zangu zote za wakubwa hazikuwahi kufanya kitu kama hicho.

Ningesema siku ile yangeisha. Sikusema. Ndugu wa yule mama wakaniletea ndama wa shukrani, nikampokea. Yule mama, aliyekuja nao, alimtazama mke wangu, mke wangu akatikisa kichwa kumwashiria asiseme, basi. Kisha nikanunua kufuli la sanduku la kamera na ufunguo nikatembea nao mfukoni. Nilimwambia abaki na watoto, kazi ya kamera ni ya kuzunguka. Uongo mtupu. Niliogopa asije akapiga nyingine.

Sasa vijana wa hapa wanaandaa maonesho ya picha za zamani. Wamekuja nyumbani na shikamoo zao, wanataka Jumamosi nisimame nieleze nilivyoipiga. Mmoja akaniuliza siku ile jua lilikuwa upande gani. Mke wangu, anamimina chai, akajibu: "Lilikuwa mgongoni kwangu."

Kijana akacheka, akadhani bibi kachanganya, akaandika kwamba lilikuwa mgongoni kwa mzee.

Walipoondoka nilimwambia nitasema ukweli. Hakukasirika hata kidogo.

"Usiseme kwa ajili yangu, baba watoto. Watoto wamekua na sifa hiyo. Jina ungebaki nalo, mimi nilitaka tu kamera."

Tangu hapo silali vizuri. Wanangu watanionaje? Na ndugu wa yule mama, ambao nao wamealikwa? Ila kinachonitisha zaidi ni hiki: hata sasa, nikifikiria watu wanampigia makofi yeye mimi nimekaa pembeni, roho inaniuma kama siku ile. Nampenda mke wangu, na bado inaniuma. Jumamosi ni keshokutwa. Nimtaje, au ninyamaze kama alivyosema? Msinionee haya kwa sababu ya uzee, niambieni, mimi nifanyeje?