Ndama Asiye Wangu

Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe. Nalisema mapema kwa sababu majirani zangu wa Ruiru, wakiniona nikishuka kwenye pikipiki na koti la kijani, hudhani mimi ni nesi, nami huwaacha wadhani hivyo mpaka harufu iwafikie. Nyuma ya pikipiki hubeba mtungi wa nitrojeni, na ndani yake mna mirija myembamba yenye mbegu za fahali zilizogandishwa. Mkulima akipiga simu kwamba ng'ombe wake analia na kuparamia wenzake, naenda. Wakulima hutuita sote daktari, waliosomea miaka na waliosomea miezi. Mimi ni wa miezi.

Nilipoanza, hakuna aliyenitaka. Mzee mmoja wa Ngoingwa aliniangalia kutoka kofia hadi gambuti akaniuliza, "Na huo mkono utafika?" Ulifika, ndani ya ng'ombe hadi kiwiko. Shida ni kwamba katika kazi yetu mwenye ng'ombe haoni ulichofanya. Lazima angoje kama siku ishirini na moja. Ng'ombe akinyamaza, huenda ameshika mimba. Akianza kulia tena tunasema amerudi, na mtaa mzima unajua ni nani aliyemhudumia.

Dada yangu mdogo anauza simu Ruiru mjini, na ndiye aliyenikokota Jumamosi moja hadi kanisani kwetu kumsikiliza mwanamume mwenye suti ya buluu akiwafundisha vijana kujitangaza. "Wewe ni brand!" alitupigia kelele. "Mtu akitafuta jina lako kwa simu, anapata nini?" Nilijua jibu langu: hapati kitu. Nikacheka. Dada yangu hakucheka. Jioni hiyo alinifungulia ukurasa mtandaoni, akanipiga picha nimesimama kando ya mtungi kama bibi harusi kando ya keki, kisha akanipa sheria moja.

"Sis, kama hakuna picha, hujafanya kazi."

Namshukuru, na nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana ninayosimulia yanaweza kumfanya aonekane mbaya. Ukurasa ule ulinipa wateja. Nilikuwa napiga picha ya kila ndama, naandika mahali alipozaliwa na siku niliyompandisha mama yake, na watu ambao hawangenifungulia lango wakaanza kuniuliza nitapita lini.

Sasa, kulikuwa na ng'ombe mmoja Gatuanyaga. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, mama anayeongea na watu wazima wote kana kwamba wako darasa la nne. Kila mtu humwita Mwalimu, na ukifika kwake na vumbi la barabara ile unajikuta umejipangusa kabla ya kubisha hodi. Nilimpandisha ng'ombe wake mweusi, akarudi. Nikampandisha tena, akarudi tena. Mwalimu aliponiita mara ya tatu nilienda, lakini mtungi sikuufungua.

"Mwalimu, huyu amenishinda," nilimwambia. "Nikijaribu tena utapoteza mwezi mwingine."

Kwenye nguzo ya zizi kulikuwa na kadi ya ng'ombe yule ndani ya karatasi ya nailoni. Kadi hiyo huandikwa tarehe, fahali aliyetumika na jina la aliyefanya kazi. Niliichukua, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake namba ya mzee mmoja wa Thika aliyekuwa katika kazi hii tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nikapanda pikipiki nikaondoka, na nililia ndani ya helmeti mpaka lami. Sikumwambia mtu, hata dada yangu. Nilisikia baadaye kwamba mzee alienda mara moja tu, na ng'ombe akashika.

Mwaka uliofuata, ushirika wa wakulima wa Gatuanyaga ulitangaza kwamba unatafuta mtu wa kuajiri. Anayeifahamu kazi hii anajua maana yake. Ni mshahara wa mwisho wa mwezi, eneo lako mwenyewe, nitrojeni unayoletewa. Kwangu ilikuwa na maana ya kuacha kukimbizana na simu kati ya Ruiru na Thika nikigombania ng'ombe mmoja na wanaume watatu. Niliitaka kazi ile hata nikaona aibu jinsi nilivyoitaka. Nilituma barua, halafu nikafungua ukurasa wangu nikaona kwamba sikuwa nimeweka ndama kwa zaidi ya mwezi.

Wiki hiyo nilimhudumia ng'ombe wa jirani ya Mwalimu. Nikitoka, nilichungulia juu ya ua wa Mwalimu nikamwona ndama wa yule ng'ombe mweusi. Jike, mweusi, doa jeupe kwenye paji la uso, miguu mirefu, amesimama juani kama aliyeoshwa. Mwalimu hakuwepo. Nilipiga picha hapo hapo barabarani, nikaandika: "Gatuanyaga leo. Mungu ni mwaminifu."

Sikusema ni kazi yangu. Huo ndio ujanja wenyewe. Watu waliandika hongera daktari, hongera sana, na mimi nikamjibu kila mmoja kwa ile alama ya mikono ya kuomba. Hakuna picha yangu iliyowahi kupendwa hivyo.

Ushirika uliniita mbele ya wanachama, asubuhi moja baada ya maziwa kupokelewa, madebe bado yakiwa yamepangwa ukutani. Mwenyekiti aliinua simu yake ili watu waione. "Huyu ndama ndiye alitufanya tukuite," alisema, nao wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshamwona Mwalimu safu ya pili, mkoba mapajani. Nilijua ni mwanachama, lakini nilikuwa nimesikia anauguza goti, na moyoni, Mungu anisamehe, nilikuwa nimelitegemea goti lile.

Aliinua mkono.

"Daktari, huyo ndama ni wa nani?"

"Ni wako, Mwalimu."

"Najua ni wangu. Mamake namkamua mimi kila siku. Nauliza ni kazi ya nani."

Ningeweza kusema kwamba ng'ombe yule nilimhudumia, na haungekuwa uongo. Nilimtazama, nikakumbuka kwamba mwanamke huyu amesikiliza visingizio vya watoto maisha yake yote.

"Si yangu," nikasema. "Nilijaribu mara mbili, akarudi mara mbili. Ni kazi ya yule mzee wa Thika. Picha niliipiga nikipita."

"Ngai!" mtu akasema nyuma. Mwenyekiti aliilaza simu yake mezani, kioo chini. Nilishika begi langu nikainuka.

"Keti," Mwalimu akasema, nami nikaketi.

Alifungua mkoba akatoa ile kadi ya zizini, yenye jina la mzee. "Hii nimekuja nayo nikiwa na hasira," aliwaambia wenzake. "Binti yangu alinionyesha hiyo picha, nikasema huyu nitamwaibisha mbele ya watu, na nilikuwa namaanisha. Sasa nikiwa hapa nangoja, nikaigeuza." Akaigeuza. "Hii namba ni mwandiko wa nani, daktari?"

"Wangu."

"Mimi nimefuga tangu nikiwa msichana. Sijawahi kuona daktari akiniandikia namba ya mwenzake. Wengine wenu hapa mnajua, mtu atakuja na kuja mpaka ng'ombe azeeke." Watu wakacheka, na mmoja akaitikia kwa sauti. Kisha Mwalimu akanigeukia mimi, na sauti haikuwa ya kucheka. "Sasa mbona hii hukuweka kwa simu? Ukaona heri uweke ndama wa watu?"

Haikuwa imenijia hata siku moja kwamba kile ni kitu cha kuonyesha mtu. Niliihesabu siku ile kuwa aibu yangu kubwa kuliko zote, nikaificha.

"Toa simu," akasema. "Andika."

Niliandika hapo hapo, wanachama wote wakiningoja: ndama ni wa kazi ya nani, na mimi nilishindwa mara ngapi. Haikupita dakika tano dada yangu akanipigia. "Sis, umerogwa? Unajiharibia jina!" Nilikata simu.

Walinichukua, kwa majaribio ya miezi mitatu, na kwa sharti kwamba ng'ombe akirudi mara mbili niende pamoja na yule mzee wa Thika. Mzee mwenyewe, mwenye kabambe, ile simu ndogo isiyo na picha, alipigiwa simu nyingi hata akanilalamikia kwamba nimemnyima usingizi wa mchana. Amenifundisha mambo ambayo hakuna kitabu kilinifundisha, na hajawahi kunitajia ndama yule. Namshukuru. Nawashukuru pia wakulima wale walioweza kunifukuza na hawakunifukuza. Na Mwalimu namshukuru kwa namna ambayo bado inanishinda kumwambia ana kwa ana, kwa sababu nikianza huniuliza kama nimekuja kuongea au kufanya kazi.

Katika juma langu la kwanza kazini alinipigia. Ng'ombe wake mwingine alikuwa akilia tangu asubuhi. Anayelia asubuhi hupandishwa jioni, kwa hiyo nilikuwa na siku nzima ya kuogopa. Nilifanya kila kitu polepole, nikaangalia kila kitu mara mbili, Mwalimu akiwa amesimama mlangoni pa zizi.

Wiki tatu baadaye simu ikaita.

"Amerudi," akasema, kama anayesoma taarifa ya habari.

Nikaanza kumwomba msamaha, maneno yakikanyagana.

"Daktari," akanikatiza, "sikukupigia uniombe msamaha. Unakuja saa ngapi?"