Ripoti ya Mihuri Kumi na Miwili

Juzi, katika ofisi moja pale Kashaulili, karani mkongwe alikuwa akituma Dar kwa kompyuta ripoti ya kurasa kumi na mbili, kila ukurasa na mhuri wake. Kompyuta ya Tabora, ambayo lazima kila kitu kipitie kwayo, iliikataa mara tatu: nzito mno.

Karani mgeni, binti, akachungulia. "Mzee, kila ukurasa umeupiga picha?"

"Bila picha mhuri utaonekanaje?"

"Piga picha ukurasa wa mwisho tu. Hizo nyingine tuma maandishi matupu."

Akakaa yeye, akatuma, ikapita.

Mzee hakushukuru. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha maua, akatia ufunguo wa chumba mfukoni. "Umebahatisha," akasema.

Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nikamcheka mzee. Kisha na mimi nikamchukia yule binti: bahasha ya safu hii ilikuwa kwapani mwangu, naipeleka stesheni ikasubiri treni, na sasa sina tena kisingizio cha kutoituma kwa kompyuta.