Utepe Uliolia Juu ya Mpunga wa Mchombe

Kwa nini muziki ambao mama aliusifu miaka yote kuwa mtamu kupita wote ulinitia hofu siku nilipousikia? Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa kuhoji kila kitu, hata mjomba Damasi, mdogo wake mama, akanibatiza Hakimu. Lakini swali hilo lilinishinda.

Hunirudia kila nisikiapo utepe wa kaseti ukilia kwenye upepo. Ninyi wa bondeni mnaijua sauti hiyo. Mpunga ukianza kushika maziwa, kweleakwelea hushuka kama wingu, na wakulima hutandaza nyuzi za kaseti kuukuu kutoka mti hadi mti juu ya shamba. Upepo ukipita, utepe humeta na kutoa mlio mwembamba, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Ndege hawaupendi.

Mwaka ule mama alikuwa akichomwa sindano za kifua kikuu, maana vidonge vya kwanza vilikuwa vimeshindwa. Muuguzi alimweleza mapema, nami nimekaa naye kwenye benchi: sindano hizi zinaokoa mapafu, ila kwa wengine zinachukua masikio. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua itachelewa. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema anachotaka: kumsikia yule mwanamke wa fidla mara moja tena, kabla.

Utotoni mama alisoma bweni kwa masista, na sista mmoja alikuwa na santuri ya mwanamke huyo. Jumapili, vyombo vikishaoshwa, wasichana waliruhusiwa kusikiliza. Santuri ikavunjika. Mama akabaki nao wimbo ule kichwani, akiuvumisha mdomo umefungwa, mwanzo hadi mwisho, huku akipepeta mchele. Jina la mpigaji silitaji. Hata ukilitafuta leo utaletewa kwanza wanaume wanaofanana naye jina. Mama alikuwa amesikia kwamba rekodi zile zilitolewa upya kwenye kaseti huko Ulaya, basi akamwendea Bwana Sefu, mtu wa pwani mwenye duka la kaseti na betri pale Ifakara.

"Waume wa fidla nitakupatia hata kumi," Bwana Sefu alimwambia. "Huyu mwanamke wako, mama, hata wenye naye dukani hawajui kama wanaye."

Alituma maneno Dar, na Dar ikatuma mbele. Nami nikawa wa kupita dukani kila nikitoka shule. Shikamoo. Marahaba, bado. Huku nyumbani redio ilizidi kupandishwa sauti, na mama akaanza kugeuza shingo ili atusikie kwa sikio la kulia. Baadaye akaacha kugeuza shingo. Alitutazama tu usoni tulipozungumza, nami nikadhani amepata nafuu.

Pasaka ilikuwa imepita, mito bado imejaa, siku Bwana Sefu aliposema, "Imefika." Hakusema kwa furaha. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kichwani.

Msimu wa ndege ulikuwa umefika pia, na duka lile liliuza kaseti mbovu kwa mafungu. Mkewe Sefu alikuta chini ya meza kaseti yenye maandishi asiyoyajua, akaiona mbovu kama nyingine. Mama mmoja wa kijiji cha Mchombe alinunua fungu, akadai nyongeza kama ilivyo desturi. Akapewa ile.

"Nyongeza," mjomba alirudia polepole, nilipomsimulia nyumbani. "Mgonjwa ametolewa nyongeza."

Mama alipoelezwa alitikisa kichwa. "Acheni. Maji ni mengi." Nilimkasirikia. Sikuelewa mtu anawezaje kukata tamaa akiwa amekaribia hivyo.

Kesho yake asubuhi mimi na mjomba tulipanda lori la mpunga kuelekea Mchombe. Upepo ulikuwa mkali, na kila mti ulioinama nilihesabu kuwa ni utepe uliokatika. Kwenye daraja moja maji yalipita juu ya mbao. Dereva alizima redio. Mjomba alinishika ukosi wa gauni na hakuuachia hadi ng'ambo.

Mama yule tulimkuta juu ya dungu lake la kulindia ndege, kombeo mkononi. Maganda ya kaseti alikuwa ameyafunga kwenye nguzo, kila moja mwanzo wa mstari wake. Nililiona letu kwa maandishi yake.

"Hiyo?" alicheka. "Hiyo ndiyo inalia kuliko zote. Ndege wameihama pembe ile."

"Ni muziki wa dada yangu," mjomba alisema. "Ni mgonjwa."

Kicheko kikakoma. Alitazama shamba lake, akatutazama. "Pole yake. Lakini mimi nina watoto watano, na mpunga ndio huo. Nikiutoa utepe huo, nitatandaza nini?"

Mjomba alifungua mkoba na kutoa kanda zake za dansi, ambazo mimi sikuruhusiwa hata kuzigusa. Akazivuta matumbo mbele yetu. Kisha akaingia majini na kuanza kuukusanya utepe wa mama, akiuzungushia kijiti, maji yakimpanda kiunoni, kisha kifuani. Mahali ulipokatika aliunga kwa selotepu. Njia nzima ya kurudi aliuzungusha ndani ya ganda lake kwa kalamu, nguo zikiwa bado zimelowa.

Nyumbani, kaseti ilipotiwa, mama aliweka kiganja juu ya redio. Sauti ilitoka kama imefunikwa blanketi. Kila noti ilianzia mbali, ikavimba, ikakatika ghafla, kama mtu anayevuta pumzi asiweze kuitoa. Usiku mwingi nilikuwa nimesikia pumzi ya namna hiyo kifuani kwa mama. Nilitaka kukimbia. Yeye alitabasamu, akamwambia mjomba, "Ndiye mwenyewe." Mjomba akaenda nje kulia.

Mama alipona kifua. Masikio hayakurudi.

Nilipokuwa chuo kikuu niliupata mtandaoni mkusanyiko mwingine wa rekodi zile, uliosafishwa upya. Nikasikiliza na sikuutambua hata kidogo. Ulikuwa muziki mpole, wenye kutoa pumzi. Nikaamini tulitapeliwa, hadi fundi mmoja wa studio aliponieleza kwamba utepe ukiungwa ukiwa umepinduka mgongo, unapiga upande wa pili, tena kinyumenyume. Nikaligeuza faili kwenye kompyuta. Mara pumzi ile ikarudi, ileile ya siku ile.

Nilimwandikia mama kwenye simu, maana ndivyo tunavyozungumza siku hizi. Yeye aliyeujua wimbo mzima, alikosaje kugundua?

Alijibu baada ya kumaliza kupika: "Masikio yaliniisha wiki ya Pasaka, mwanangu. Lakini mjomba wako alikuwa amelowa mpaka kifuani, na wewe ulikuwa unanitazama usoni."