Mnyonya damu wa sinema, hodi ya Papa Kambale na damu aliyoihitaji binti yangu (Kindu, wakati wa vita)

Wakuu, amani iwe kwenu nyote mnaopita humu, mlio pwani, mlio bara na mlio huku kwetu Kongo.

Nimeona vijana mnabishana tangu juzi kuhusu yule mnyonya damu wa filamu, bwana wa joho jeusi na meno mawili marefu. Mmoja anasema ameharibu watoto. Mwingine anasema ni burudani tu. Nimezisoma hoja zenu kwa subira, nikaona niweke na langu, maana yule bwana aliwahi kuishi mjini kwetu. Alikaribia kumuua binti yangu, kisha akasaidia kumponya.

Mimi ni mzee wa Kindu, mwalimu wa madrasa mpaka magoti yaliponiambia inatosha. Sina sababu ya kutia chumvi. Binti mwenyewe yuko hai, nimemsomea uzi huu kabla ya kuutuma, na amenisahihisha mahali pawili.

Wakati wa vita mji wetu ulifungwa. Treni haikuja tena. Barabara ya Kalima na ya Kampene zilikuwa mikononi mwa wenye bunduki, na hata mtu wa kwenda shambani tu aliaga kama anayesafiri. Chumvi na sabuni vilishuka kwa ndege, siku ndege ilipokuja.

Karibu na stesheni palikuwa na ghala la zamani la mchele lililogeuzwa kuwa ukumbi wa video. Televisheni moja, mabenchi, na jenereta iliyokohoa nje. Filamu zilionyeshwa mchana, kwa sababu jua likizama hakuna aliyethubutu kutembea.

Kaseti zilikuwa zile zile zilizokuwemo mjini reli ilipokatika. Mpya hazikuweza kuingia. Kwa hiyo ile ya mnyonya damu ilirudiwa na kurudiwa mpaka mji mzima ukaijua, hata sisi ambao hatukuwahi kukaa kwenye yale mabenchi.

Filamu ilisema Kiingereza. Aliyeifasiri ni kijana wa Kalima, Dieudonné, mkimbizi aliyekwama kwetu. Alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti cha mkononi, akawasemea wote: mwanamume, mwanamke, farasi, hata mlango. Kiingereza chenyewe hakukijua. Alitunga. Na ndiye aliyempa yule bwana jina la Bwana Meno.

Niseme kidogo pembeni. Kabla ya sinema, wazee wetu walikuwa na hofu ya watumbula, watu waliosemekana kuteka wenzao na kuwanyonya damu. Kwa hiyo Bwana Meno alipofika alikuta kiti chake kimeshawekwa.

Basi akatoka kwenye televisheni akaingia mitaani. Watoto walijichongea meno ya maganda ya machungwa. Askari wa kizuizi cha barabarani aliyependa kuku wa watu aliitwa Bwana Meno, kwa sauti ya chini. Fundi cherehani mmoja alishona joho kutokana na pazia jeusi, na vijana wakaliazima kwenye sherehe. Katika filamu yule bwana huogopa kitunguu saumu. Dieudonné aliona kitunguu hicho ni adimu kwetu, akasema huogopa pilipili. Haikuchukua muda, milango ikaanza kuning'inizwa pilipili.

Hayo yote tuliyacheka.

Lililobaki halikuchekesha. Kwenye ile filamu, mnyonya damu hawezi kuingia ndani ya nyumba mpaka akaribishwe. Dieudonné akalisema kwa namna yetu: "Anapiga hodi. Ukisema karibu, umekwisha!"

Wakuu, mnajua karibu ni nini kwetu. Mtu hupiga hodi nawe huitika ukiwa jikoni, mikono ina unga, hujamwona ni nani. Ndivyo tulivyolelewa, Waislamu na Wakristo sawasawa. Baada ya filamu ile watu waliacha. Ulipiga hodi ukasikia ukimya, kisha ukaona jicho kwenye ufa, kisha sauti: "Taja jina ya mama yako kwanza."

Aliyeumizwa zaidi na jambo hili ni Papa Kambale, yaani Baba Kambale, mtu wa maabara ya hospitali. Alikuwa Mkristo kutoka Butembo, mrefu, mwembamba, mpole. Hospitali haikuwa na akiba ya damu. Mgonjwa akihitaji, Papa Kambale alipanda baiskeli akazunguka nyumba kwa nyumba kuomba watu waje kutoa. Msimu wa mvua alivaa koti refu jeusi la mvua. Nyuma ya baiskeli alifunga kisanduku cha chuma cha vifaa vyake.

Mnaona wenyewe. Watoto walipomwona walikimbia wakipiga kelele, na mama zao hawakuwakataza.

Sasa nifike kwa binti yangu, Mwamini.

Alijifungua mtoto wa kike asubuhi ya mvua, salama, tukashukuru. Kisha akatokwa na damu nyingi. Daktari na wakunga walihangaika mpaka ikakoma. Nilipoingia kumwona, midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Mume wake alikuwa Kampene, ng'ambo ya bunduki, hata hakujua kuwa amekuwa baba.

Daktari alinishika bega.

"Mwalimu, damu haitoke tena. Lakini ile imebakia ndani ni kidogo sana. Tukipata ya kumuongezea leo, tutashukuru Mungu. Tukikosa, mimi siko na dawa ingine."

Papa Kambale akanichoma kidole. Damu yangu haikufaa. Ya mama yake ingefaa, lakini mke wangu mwenyewe alikuwa amelazwa na malaria, hana nguvu hata ya kushika kikombe. Wanangu wa kiume walikuwa mbali, kila mmoja alikofungiwa na vita.

Basi tukatoka, mimi na Papa Kambale, yeye akisukuma baiskeli, mimi na kanzu yangu iliyolowa. Nilifikiri uso wangu utafungua milango. Nimesomesha nusu ya watoto wa mtaa ule.

Kweli, niliposema hodi walinitambua sauti. Mlango ulifunguka. Kisha macho yalipita juu ya bega langu, yakaona koti.

Bibi mmoja aliyekuwa akimletea mke wangu sombe, yaani kisamvu, alisema, "Mwalimu, wewe ingia. Ule abakie kule kwa mvua."

"Bibi, ni Papa Kambale. Mwamini anahitaji damu."

"Nasikia. Namuombea sana mutoto. Lakini ule asiingie kwangu."

Hakuwa na ubaya, wakuu. Alikuwa analia alipofunga mlango.

Penye kona ya wachinjaji, kijana mmoja, Saidi, alikuwa ananoa kisu. Alipotuona akapaza sauti wenzake wasikie: "Bwana Meno! Leo umelala na njaa?"

Wakacheka. Papa Kambale akasimamisha baiskeli, akajibu bila kukasirika, "Njaa iko, mutoto yangu. Nashukuru umeuliza. Ni wewe tu umeuliza leo."

Saidi akarudi kwenye kisu chake.

Tukaendelea. Mlango baada ya mlango. Nilikuwa nikisoma dua moyoni na kuhesabu pumzi za Mwamini kwa mbali, kama baba awezavyo. Ndipo niliposikia jenereta ya ghala ikiwashwa, nikawaza: huyu Papa Kambale amevishwa joho na mtu. Twende kwa aliyemvisha.

Dieudonné alikuwa nje anakula ndizi ya kuchoma. Aliponiona na kanzu akasimama haraka, na walioketi karibu wakaficha sigara. Walidhani nimekuja kuwafungia video.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, ndizi mkononi.

"Mwalimu," alisema, "mimi nafanya watu waogope. Njo kazi yangu. Nikimufanya Bwana Meno kuwa muzuri, kesho nani atakuja?"

"Sikuombi umfanye mzuri. Wala sikuombi useme uongo. Useme kweli moja tu. Yule wa kwenye televisheni anaiba. Huyu wa kwenye baiskeli anaomba."

Akamtazama Papa Kambale, aliyekuwa anakamua mikono ya koti lake.

"Papa, vua hiyo koti," Dieudonné akasema. "Hata mimi unanitisha, na mimi njo nilikuchonga."

Papa Kambale akaliacha juu ya baiskeli, akabaki na shati jeupe lililochanika begani. Tukangoja nje, mlangoni.

Ndani filamu ikaanza. Nilisikia sauti ya Dieudonné na vilio vya watu. Ilipofika pale Bwana Meno anaposimama mlangoni kwa msichana, Dieudonné aliisimamisha kaseti. Picha ikabaki inatetemeka. Watu wakapiga miluzi.

Akasema kwa ile sauti nzito ya Bwana Meno:

"Ninyi watu ya Kindu! Mimi ni muzee sana. Nimekunywa damu ya watu tangu zamani za babu zenu, na siku moja sijashiba. Munajua sababu? Sijaombaka hata mara moja. Naiba tu. Ningeomba, wangenipa kidogo, ningepona, ningelala kama watu wengine."

Kicheko. Kisha minong'ono.

"Lakini sasa," aliendelea, na hapa alirudi kwenye sauti yake mwenyewe, "kuko muntu kwa mulango. Binti ya Mwalimu amezaa leo, na damu imemuisha. Huyu muntu haibe. Anaombaka. Papa, piga hodi."

Papa Kambale akapiga hatua moja mbele.

"Hodi!"

Kimya. Jenereta peke yake ndiyo iliyosikika.

Dieudonné akasema kwenye kipaza sauti, "Karibu, Papa!"

Kutoka mabenchi ya nyuma mtu akafoka, "Wewe wa kwanza basi! Toa mukono, Dieudonné! Ama uko mwoga?"

Ghala lote likalipuka kwa kicheko. Dieudonné alinyoosha mkono juu, akakunja mkono wa shati, akasema: "Mwoga niko. Lakini twende."

Na mama muuza karanga aliyekaa kizingitini, ambaye nilikuwa nimesahau yupo, akasema taratibu, "Karibu, Papa Kambale." Kisha mwingine. Kisha mabenchi yote, wakuu. Karibu, karibu, karibu Papa. Papa Kambale alisimama pale ameinamisha kichwa kama mtu anayebarikiwa.

Tulirudi hospitalini na msafara. Wengine walikuwa bado na maganda ya machungwa midomoni. Askari wa kizuizini waliuliza kuna maandamano gani. Mtu akawajibu, "Tunapeleka Bwana Meno kwa dokta." Wakatupisha.

Dieudonné alipochomwa kidole alizimia. Naandika hivi kwa idhini yake. Damu yake haikumfaa Mwamini, wala ya mama wa karanga. Papa Kambale alikuwa akipima, akitikisa kichwa, akiita mwingine. Kwa kila kichwa kilichotikisika, mimi nilikaza tasbihi.

Nyuma ya mstari alikuja Saidi, yule wa kisu. Habari ilikuwa imemfikia sokoni. Hakunitazama machoni.

Damu yake ilifaa. Vipimo vingine navyo vikawa vyema.

Alilala kitandani amefumba macho kabisa, yeye anayechinja ng'ombe. Akanong'ona, "Mwalimu, damu yangu ikienda kwa muntu mwingine, siku ya kiyama nitaulizwa?"

Nikamwambia, "Utaulizwa, mwanangu. Na utakuwa na jibu."

Akasoma Alhamdu kwa sauti. Papa Kambale, Mkristo yule, alingoja mpaka aitikie amina ndipo akaingiza sindano.

"Papa Kambale," Saidi akasema, jicho moja limefumbuka, "usikunywe yote."

"Nitakuachia ya kesho."

Nilikaa pembeni ya Mwamini nikitazama tone linashuka, jingine linashuka. Rangi ilirudi polepole sana, kwanza kwenye kucha. Alipofumbua macho hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza, "Baba, mtoto amenyonya?"

Nilitoka nje nikasujudu kwenye matope.

Miaka imepita. Barabara zilifunguka, Papa Kambale akarudi kwao Butembo, na kila Idi hunipigia simu kabla ya ndugu zangu wa damu. Dieudonné ana duka la simu hapa hapa na bado anasema kwa kelele. Mume wa Mwamini alirudi akiwa hai. Yule mtoto wa asubuhi ya mvua ni mwalimu wa shule.

Bwana Meno naye hakuondoka. Siku za kutoa damu, vijana wa leo huja hospitalini na majoho meusi na meno ya plastiki, wanapigana picha huku wamelazwa na sindano mkononi. Baadhi ya wazee wenzangu walitaka niwakemee. Niliwaambia waache watoto. Mnyonya damu anayelala kitandani akatolewa damu yeye ni mnyonya damu aliyetubu.

Somo langu ni dogo. Hofu na huruma hupita kwenye kinywa kile kile. Filamu haikuwa na lugha yetu, sisi ndio tulioitia maneno, na yule aliyetufundisha kunyamaza ndiye aliyetufundisha kuitika tena. Kwa hiyo mnaposhika kipaza sauti, na siku hizi kila mmoja wenu anacho mfukoni, fikirini ni nani anapiga hodi mkiwa mnachekesha watu.

Nami namshukuru Mungu kwa mkono wa kila aliyekunja shati siku ile, hata wale ambao damu yao haikufaa.

Saidi bado ana bucha sokoni. Mwamini akipita, yeye humwita mbele ya wateja, "Dada, damu yangu inaendeleaje huko?"

Naye humjibu, "Inanisumbua. Inapenda nyama mno."

Basi anamkatia kipande.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Huko kwenu mnyonya damu anaitwaje, na amewahi kumzuilia nani mlango? Na kama kuna humu anayeishi kwa damu ya mtu mwingine, atuambie, tumwombee huyo aliyempa.